Milango Zimelia Tak, Geti Haijaskia

Ukishuka Kamakis Ijumaa usiku, utapata D-Max na Hilux zimejipanga kutoka kwa lami hadi kwa vumbi. Kenopi nyeusi, tinti, rimu zinang'ara. Ndani ya moja kuna mzigo wa mbogi ya sherehe: spika, miksa, stendi, waya zimekunjwa kwa ndoo ya rangi. Wasee wametoka kupiga wera Thika, sasa wameshuka kudishi. Dere anafinya rimoti bila kugeuka, indiketa zinapiga, milango zinalia tak. Wote wanaenda kuchagua mbavu roho zimetulia.

Shida ni hiyo tak imetoka kwa milango nne pekee. Geti ya nyuma, ile wadosi huita teilgeti, haijaskia kitu.

Na magondi wanaijua hii stori kukuliko. Kioo ya kenopi umefunga na ufunguo, sawa, lakini hiyo kioo imelala tu juu ya geti, haijaishika. Msee anavuta hendo, geti inashuka mos mos ikishikiliwa na kebo zake, na hapo chini ya kioo panabaki mwanya wa kijana mwembamba kupenyeza mabega. Spika ya inchi 18 haipiti hapo. Miksa inapita. Lapi inapita, na maiki zote. Utarudi na kijiti cha meno mdomoni, upate kioo bado imefungwa, na utaapia kila mtu ndai ilikuwa imeloki.

Jam nayo iko na wenyewe. Jogoo Road ama Outering saa kumi na mbili jioni, gari zimesimama, wewe unacheki simu, msee ashafika nyuma. Pikapu haina kenopi anairukia tu juu. Yenye iko na kenopi, mlango wake ni hiyo geti.

Mimi siwalaumu sana wenye waliunda hizi ndai. Pikapu ilitengenezewa mtu wa shamba na mtu wa mjengo, na nani ataiba mchanga kwa jam? D-Max zetu huundwa hapa hapa Nairobi, kwa ile kiwanda iliitwa General Motors East Africa hadi 2017 ikageuka Isuzu East Africa, na ukicheki zile singo kebu za kazi unaona akili ya mjengo bado iko: geti ni ya kushusha mzigo chap chap. Halafu vijana wakageuza pikapu ikawa ofisi, stoo, duka ya ndula, studio ya kutembea. Milango za mbele zikapata rimoti. Nyuma ikaachwa hivyo hivyo.

Dawa ya mtaa ni hapsi na kufuli. Panibita anachoma hapsi kwa kona, unaning'iniza kufuli nono, umemaliza. Ni chuma kweli, na kwa nguvu peke yake inashinda hii kitu nataka kukuchanua. Lakini cheki maisha venye huenda. Ukisimama kununua maji, unashuka kuifunga? Ukikimbia kwa ATM na mvua inanyesha? Nimeona pikapu mob kufuli imening'inia wazi kwa hapsi, ufunguo uko kwa ashitrei na sarafu za parking. Kufuli inangoja dere askie kushuka. Mota ya kuloki geti pamoja na milango inafunga juu milango zimefunga, haikuulizi kama umechoka. Ndio maana nasimama na mota.

Kwa maduka ya spea itisha mota ya sentro loki. Ni kaboksi keusi ka plastiki, kanatoshea kwa kiganja. Ndani kuna mota ya volti 12 na gia, nje kuna ulimi unatoka na kurudi karibu sentimita mbili. Waya ni mbili. Ukipeleka pozi kwa moja na negi kwa ingine, ulimi unatoka. Ukigeuza, unarudi. Hakuna siri ingine. Usikubali kuuziwa ile ya waya tano. Hiyo ni ya mlango wa dere, na zile waya tatu za ziada ni za swichi ya kuambia milango zingine zifuate. Geti haina mtu ya kuamrisha. Kwa pakiti utapata pia waya ngumu kaa spoku ya baiskeli, bati ya matundu, na skrubu. Marekani wanauza zenye zimeundwa kwa kila modeli, Pop & Lock ndio jina kubwa huko, unabolti tu na kuchomeka. Lakini ya F-150 hutaivisha D-Max, so huku tunaunda na ile ya kila gari.

Wera yenyewe iko Grogan, yaani Kirinyaga Road. Barabara ilibadilishwa jina kitambo, wasee wakagoma na Grogan, jina ya yule mkoloni alijisifu ametoka Cape hadi Cairo. Leo hangefika hata raundabauti ya Globe kabla aulizwe anatafuta saidimira gani. Ukifika, usitafute mekanika, tafuta fundi wa waya. Mwenye testa iko kwa mfuko wa shati na vidole zimechomwa na soda.

Kitu ya kwanza atakuuliza ni kama hendo ya geti iko na tundu la ufunguo. Kama iko, nyuma yake kuna kichuma kinazunguka na kuzuia hendo isivutike, na hicho ndicho mota itasukuma. Kama haina, nunua kwanza hendo yenye ufunguo. Usiruke hiyo hatua. Kuna fundi atakuingiza boksi, eti afunge mota kwa zile rodi mbili zinaenda loki ya kushoto na kulia, ndio ukifinya rimoti geti ijifungue yenyewe. Inakaa noma mbele ya mamanzi, lakini kataa. Mota ndogo hivyo haina misuli ya kuvuta rodi mbili kila siku, na siku waya ikipata pozi isiyo yake, geti inafunguka Thika Road ukiwa 80 na spika ziko nyuma. Mota ikazie hendo pekee. Kufungua kubaki mkono wako.

Geti inafanyiwa kazi ikiwa imelala. Ukitoa kifuniko cha ndani unapata vumbi, majani makavu, na hendo katikati na rodi zake zikienda kando kando. Hapa ndio unajua kama fundi anajua. Mwenye haraka anabolti mota mara moja penye kuna nafasi. Mwenye amechanuka anaishikilia na mkono kwanza, anasukuma ulimi na kidole, anacheki kama kile kichuma kinafika mwisho pande zote mbili. Anapinda ile spoku kidogo, anajaribu tena, anapinda tena, anavuta hendo kuona kama rodi zinagonga boksi. Spoku ikikaa upande, mota itakuwa inaguna bila kumaliza kazi. Mpe muda. Nunua chai, kaa kwa tairi, usimharakishe.

Waya inashuka kwa kona ya chini, inapita karibu na bawaba, inafuata chasisi pamoja na waya za taa za nyuma, inaingia kebini kupitia mpira wenye uko tayari. Tundu mpya ya drili iko na makali, itakula waya polepole hadi upate shoti. Hapo kwa bawaba achia waya kitanzi, juu geti inashuka na kupanda maisha yake yote. Ukiikaza, shaba inakatikia ndani ya plastiki na nje huoni kitu. Hapo hapo weka soketi ya kuchomoa, ndio siku geti inaenda kupigwa rangi mtu asikukatie waya.

Kebini ndio watu huchoma vitu. Waya zenye unataka ni zile mbili zinaenda kwa mota ya mlango wa abiria. Testa itakuonyesha: ukiloki, moja inawaka kidogo inazima; ukifungua, ile ingine inafanya hivyo. Fundi akienda kwa waya za swichi ya dere, mshike mkono. Hizo zinabeba ujumbe tu, hazina nguvu ya kusukuma mota, na unaweza ua boksi ya sentro nzima ukijaribu kuzibebesha. Fyuzi iwekwe, hata kama anakuambia si lazima. Loki ya geti ikifanya kinyume, yaani inafunguka milango zikifunga, abadilishe waya mbili, imeisha. Na kama ndai bado iko kwa waranti, bonga kwanza na wenye walikuuzia.

Sasa, hii kitu itauliwa na karwosh kabla gondi aijaribu. Yule chali wa mashini ya presha hupenda kulenga hendo ya geti juu ndio imejaa matope, na maji inaingia ndani vizuri sana. Chini ya geti kuna vitundu vya kutoa maji. Vizibuliwe siku hiyo hiyo kifuniko kikiwa nje. Mota ikae waya zikiangalia chini, ndio maji idondoke badala ya kufuata waya hadi ndani. Viungo viwe vya soda na ule mpira wa kukazwa na moto. Kusokota na kufunga tepu nyeusi ni wera ya kukurudisha Grogan mvua ya Aprili ikianza, na fundi wa tepu anajua hivyo.

Kama pikapu yako iko uchi huko juu, hii loki hailindi mzigo. Inalinda geti yenyewe tu, na hiyo pia ni kitu, juu kwa pikapu nyingi kutoa geti kwa bawaba lazima kwanza ishushwe. Geti huibiwa nzima, na unajua penye utaipata ikiuzwa. Turubai nayo hainihusu, turubai ni wembe moja.

Kuna wale magondi wa kuziba rimoti. Amekaa kwa parking ya supamaketi na kamashini kake, unafinya, mawimbi yamemezwa, unaondoka ukidhani umeloki. Ukiwa na mota, milango na geti zote zimebaki wazi pamoja, so zoea kuskiza. Utaskia tak ya mbele, halafu kwa nyuma ingine, nzito kiasi, juu geti ni bati tupu inapiga mwangwi. Ukikosa hiyo ya nyuma, rudi uvute hendo. Na ufunguo wa hendo usiutupe kwa droo ya shags. Siku betri imekufa ama mota imekwama, ndio utakutolea spika zako.

Kabla utume M-Pesa, itisha ndoo ya maji. Mwagia hendo, shusha geti, pandisha, shusha, pandisha, mwagia tena. Washa injini, loki, fungua, loki. Mwambie fundi avute hendo na nguvu zake zote huku wewe umesimama kando na simu mkononi. Mota ikiguna bila kusonga, mrudishie bisibisi yake, bado ako kazini.