Sambaza wa simuni na sombe isiyoiva

RUSIZI, Rwanda. Mafuta yanatatarika, sambaza wanamwagwa kikaangoni, na mtazamaji wa video hiyo aliye Nairobi au Brussels anameza mate. Simu haina harufu wala ladha, lakini mwili uliowahi kumla samaki huyo huvijaza wenyewe.

Sambaza ni dagaa waliohamishwa kutoka Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na huliwa pande zote za mpaka, Kamembe na Bukavu.

Sikio lina nafasi kubwa katika ulaji. Mwaka 2004 watafiti Massimiliano Zampini na Charles Spence walionyesha kwamba watu waliokuzwa masikioni sauti ya kutafuna kwao waliona krispi za viazi kuwa kavu na mpya zaidi, ingawa hazikuwa zimebadilishwa.

Kwa sambaza, sauti hiyo inafundisha pia. Mlio wa kikaangoni ni maji yanayotoka ndani ya samaki na kugeuka mvuke. Ukipungua, samaki wamekauka. Mpishi mgeni anaweza kulijua hilo kwa kusikiliza video tu.

Sombe ni jambo lingine. Majani haya ya muhogo huitwa isombe kwa Kinyarwanda, pondu mjini Kinshasa na kisamvu nchini Tanzania. Video ya dakika moja huonyesha mapigo machache ya mchi, kisha sahani imejaa, mawese yakimetameta juu. Kilichokatwa hapo katikati ni muda, na muda ndio usalama wa chakula hicho.

Majani mabichi ya muhogo yana kemikali zinazoweza kuzalisha sianidi, ambayo ni sumu. Kuyatwanga huifungua sumu hiyo, na kuyachemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, huiondoa kwa mvuke. Jikoni, mpishi hukaa na sufuria mpaka rangi ing'aayo igeuke kijani cha giza na harufu ya ubichi iishe. Harufu hiyo haipiti kwenye simu.

Kijana aliyekulia mbali na jiko la bibi yake huenda hana mwalimu mwingine ila video hizi. Anayezirekodi akate urefu wa picha apendavyo, lakini muda wa kuchemsha autaje kwa sauti.