Kianzio cha Nyumba: Je, Yafaa Kiwe Kikubwa?



Juma lililopita, jioni, walifika nyumbani kwangu vijana wawili, mume na mke, wote wawili walimu wa shule za hapa Songea. Walipokwisha kunisalimu, mke alitoa karatasi katika mkoba wake, akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa karatasi ya benki. Nyumba waliyoitamani, yenye vyumba vitatu, ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi milioni 40. Benki ilikuwa tayari kuwakopesha, ila kwa sharti moja: wao kwanza watoe sehemu ya tano ya bei, yaani milioni 8, fedha taslimu.

"Mwalimu," akasema yule mume, "mtu mwenye milioni 8 mkononi aenda benki kutafuta nini?"

Nilicheka, lakini usiku ule sikupata usingizi upesi. Fedha hiyo itanguliayo, ambayo wengi huiita kianzio, imekuwa kama mlango mwembamba mbele ya kila mtu anunuaye nyumba kwa mara ya kwanza. Wako wasemao kwamba mlango huo ubomolewe kabisa, na wako wasemao kwamba ni ulinzi. Jambo lenyewe lagusa nyumba nyingi zisomazo gazeti hili, hasa nyumba za walimu, ambao huhamishwa huku na huku, kisha siku ya kustaafu hujikuta hawana hata ukuta mmoja walio na haki ya kuuita wao.

Kwanza tuhesabu. Vijana wale, wakijinyima sana, huweza kuweka akiba shilingi 150,000 kila mwezi. Kwa mwendo huo milioni 8 zitatimia baada ya miezi 54, yaani miaka minne na nusu. Na miaka hiyo yote wao ni wapangaji. Desturi ya wenye nyumba wengi ni kudai kodi ya miezi sita kwa mara moja, na wengine hudai ya mwaka mzima. Basi hicho nacho ni kianzio, ila ni kianzio kisichorudi, na tena hudaiwa upya kila miezi sita.

Mimi mwenyewe nalionja hayo. Nilipokuwa kijana nilipanga vyumba viwili, na mke wangu alikuwa akificha akiba yetu katika debe la chumvi. Kila akiba ilipoanza kunenepa, mwenye nyumba alibisha hodi. Miaka saba tulifanya hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba maskini hawana akiba kwa sababu hawajui kujinyima, mimi humtazama tu.

Lakini haifai kuidharau hoja ya benki, kwa maana nayo ina sababu zake. Mtu akitoa milioni 8 na benki ikatoa milioni 32, kisha bei ya nyumba ikashuka hata milioni 36, nyumba ikiuzwa deni lalipika, na mwenyewe abaki na chochote. Asiyetoa kitu, bei ikishuka hivyo, huuza nyumba na bado adaiwa. Kianzio ni kama mto uwekwao kati ya mzigo na kichwa. Tena, aliyejinyima miaka minne amekwisha kujifunza ile kazi ya kulipa kila mwezi kabla ya deni kumfika.

Iko na sababu ya tatu, ambayo vijana wale hawakuifikiri mpaka tulipochukua kalamu. Taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni zaonyesha kuwa riba ya mikopo ya nyumba katika Tanzania husimama mara nyingi kati ya 13 na 19 kwa mia kwa mwaka. Tukashika 16, na muda wa miaka 15. Mkopo wa milioni 32 hulipwa karibu shilingi 470,000 kila mwezi. Kama wangekopeshwa bei yote, milioni 40, wangelipa karibu 587,500. Tofauti ni kama 117,500 kwa mwezi. Nayo ikijumlishwa kwa miezi 180 yapita milioni 21. Yaani zile milioni 8, zikitolewa mbele, huzuia milioni 21 zisitoke baadaye. Mke aliposikia hesabu hiyo aliivuta karatasi akaihesabu tena yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuniamini, na alifanya vema.

Na kutoka hapo lazuka jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Julai, 2025, kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hata 500,000. Basi mtu wa kima hicho, hata akisamehewa kianzio chote, atalipaje 587,500 kwa mwezi? Mshahara wote hautoshi, na watoto hawajala bado. Wapigao kelele kwamba kianzio kifutwe wafikiri kwamba mlango ni mmoja. Iko milango miwili, na ule wa pili, yaani riba, ni mwembamba kuliko wa kwanza. Kumfungulia mtu wa kwanza tu ni kumwingiza uani na kumwacha hapo.

Mataifa makubwa yamekwisha kujaribu njia zote mbili, na habari zao zatufaa. Huko Marekani, kabla ya miaka ya 1930, mnunuzi alidaiwa mara nyingi kianzio cha karibu nusu ya bei, na mkopo uliobaki ulipaswa kumalizwa au kufanywa upya katika miaka michache, kama mitano hivi. Nyumba zilikuwa za wenye mali. Mwaka 1934 serikali yao ikaanzisha idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, hata benki zikaweza kudai kianzio kidogo na kutoa muda mrefu. Watu wengi wa kazi wakapata nyumba, ingawa Wamarekani weusi walinyimwa dhamana hiyo kwa miaka mingi. Kisha, katika miaka iliyotangulia 2008, wakopeshaji wengi wakalegeza kila kitu: mtu bila kianzio, na pengine bila hata kuulizwa mshahara wake, alipewa nyumba. Bei zilipoanguka, mamilioni walipoteza nyumba zao, na hasara ikaenea duniani. Uingereza nayo, tangu 2013, iliwasaidia wanunuzi wa nyumba mpya wawe na kianzio cha 5 kwa mia tu, serikali ikiwakopesha sehemu nyingine. Wengi walipata nyumba. Lakini wachunguzi walilaumu kwamba mahali penye uhaba wa nyumba wauzaji walipandisha bei, na msaada ukaishia mifukoni mwao. Mpango huo ulifungwa mwaka 2023.

Jirani zetu wa Kenya walipoanza mpango wao wa nyumba za bei nafuu, walimtaka mnunuzi awe na akiba ya sehemu ya bei, naye aliruhusiwa kuiweka kidogo kidogo. Sheria yao ya mwaka 2024 ikaamuru pia kila mfanyakazi akatwe 1.5 kwa mia ya mshahara wake, na mwajiri wake atoe kadiri iyo hiyo. Manung'uniko juu ya makato hayo yalikuwa mengi, nami sitaki kuwa mwamuzi katika shauri la watu wengine. Lakini ile desturi ya kukipokea kianzio vipande vipande naiona kuwa njema.

Na sisi je? Wazee wataikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973. Ilikopesha wengi, lakini mikopo mingi haikurudishwa, hata ikafa mwaka 1995. Baada yake mkopo wa nyumba ulikuwa karibu hadithi tu. Mwaka 2008 ikatungwa sheria mpya ya mikopo ya rehani, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ijulikanayo kwa herufi TMRC, ambayo kazi yake ni kuzipatia benki fedha za muda mrefu. Maana fedha za wateja wa benki ni za kuja na kwenda. Leo zawekwa, kesho zatolewa. Benki itawezaje kumkopesha mtu fedha hizo kwa miaka 20? Tangu hapo benki zitoazo mikopo hiyo zimezidi, zikapita thelathini, na kianzio wanachodai mara nyingi ni kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tano. Hata hivyo wakopaji ni wachache mno katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60.

Sasa turudi Songea, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ukipita Bombambili, Lizaboni, Msamala, au ukielekea Ruhuwiko, waona nini? Waona msingi uliofikia usawa wa nyasi. Waona kuta zisizo na paa. Waona tanuru la matofali limefunikwa kwa majani, likimngoja mwenyewe auze mahindi. Watu wetu hawanunui nyumba. Wao huzijenga, mwaka baada ya mwaka. Wakati wa kiangazi hufyatua matofali, huyaanika, huyapanga, huyachoma kwa kuni kabla mvua haijaanza. Mwaka wa kwanza kiwanja, wa pili matofali, wa tatu msingi. Mgeni hudhani ni uvivu. Sivyo. Ndiyo akiba yao. Fedha iliyo mfukoni huombwa na ndugu, huliwa na ugonjwa, hupunguzwa nguvu na kupanda kwa bei. Lakini hakuna mtu ajaye kukukopa msingi.

Basi nauliza: mtu mwenye kiwanja, na matofali 10,000 yaliyochomwa, na msingi uliokwisha kukauka, je, huyo hana kianzio? Mimi nasema anacho, na tena chapita hizo fedha taslimu, kwa sababu chaonyesha miaka ya kujinyima ambayo hakuna karatasi iwezayo kuidanganya. Ila akifika benki huambiwa, "Hatuoni kitu." Hapo ndipo palipo na kosa. Sidhani kwamba ni kosa kudai mtu atangulie kutoa. Kosa ni kudai atangulie kwa namna moja tu, ile ya mwenye mshahara mkubwa, na kutoiona namna ambayo Mngoni, na Mmatengo, na Myao wameitumia siku zote.

Najua jibu la benki: matofali hayana hati. Ni kweli, na kwa upande huu lawama ni yetu pia. Wengi wetu twanunua kiwanja kwa karatasi ya mashahidi wawili, tukaridhika. Mimi niliwahi kuuziwa kiwanja ambacho mwenyewe alikwisha kumwuzia mtu mwingine. Msingi wangu ukawa mali ya mwenzangu, na matofali niliyabomoa usiku kwa aibu. Kama ningalikwenda kwanza katika ofisi ya ardhi, ningaliyajua yote kwa asubuhi moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yaweza kumpa mtu haki ya kukaa hata miaka 99, na hati hiyo ndiyo iwezayo kugeuza kiwanja kuwa dhamana. Tena sheria hiyo hiyo yakataza nyumba ya mume na mke kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Kina mama, lishikeni neno hilo. Na kina baba, msilikasirikie.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Anunuaye nyumba kamili kwa mkopo atoe kianzio, lakini sehemu ya kumi yatosha kwa mtu anunuaye mara ya kwanza na mwenye kipato cha hakika. Naye aruhusiwe kuiweka kwa vipande, na mkulima kwa misimu, akisha kuuza mahindi yake. Ajengaye kidogo kidogo akopeshwe kidogo kidogo: fedha ya bati, kisha akimaliza, fedha ya milango. Katika mradi wa fedha za nyumba ulioanzishwa nchini mwaka 2010 kwa msaada wa Benki ya Dunia iliwekwa sehemu kwa ajili ya mikopo midogo ya namna hiyo, basi wazo lenyewe si geni kwa wakubwa. Vyama vya akiba na mikopo vimekuwa vikifanya hivyo siku nyingi. Aghalabu mwenye akiba ya milioni 2 hukopeshwa hata milioni 6. Hicho nacho ni kianzio cha theluthi, kikubwa kuliko cha benki, lakini watu hawakilalamikii, kwa kuwa wamekiweka wao wenyewe elfu kwa elfu, na wanamjua mweka hazina.

Vijana wale walirudi jana. Hawakuchukua mkopo wa milioni 40. Wamekwenda ofisi ya ardhi kuulizia kiwanja kimoja pembeni mwa mji, wakaambiwa hakina shauri. Majina ya wote wawili yataandikwa katika hati. Mume alitaka bado kuizungumza ile nyumba ya vyumba vitatu, yenye baraza nzuri, lakini mkewe alikuwa ameshageuza ile karatasi ya benki, na nyuma yake ameandika hesabu ya kuni za tanuru. Aliniuliza kama namjua fundi mwaminifu awezaye kufyatua matofali kabla ya Oktoba. Nikampeleka kwa mmoja.