Picha Isiyo na Jina: Mwaka wa Maonyesho Katika Kituo cha Barbican

Kituo cha sanaa cha Barbican, kilichofunguliwa London mwezi wa Machi 1982 mahali palipobomolewa kwa mabomu ya Vita Vikuu vya Pili, hakizungumzwi sana majumbani mwetu. Wengi wetu hupita karibu nacho tukienda kazini, tukidhani ni mahali pa wenye nafasi zao. Hata hivyo, maonyesho ya picha na filamu yaliyofanyika humo mwaka 2018 yaligusa mambo ambayo sisi wahamaji tunayafahamu vyema, nayo yametuachia wajibu ambao wengi wetu bado hatujautekeleza.

Mwaka ule ulifunguka kwa siku za mwisho za Purple, kazi ya John Akomfrah, mzaliwa wa Accra aliyekulia Uingereza. Filamu hiyo ilionyeshwa kwa skrini sita kwa wakati mmoja, ikieleza namna mwanadamu anavyoiharibu hali ya hewa ya dunia. Mwezi wa Februari, katika ukumbi ule ule uliopinda kama mwezi mwandamo, Yto Barrada, msanii wa Morocco, alileta maonyesho yake juu ya mji wa Agadir. Mji huo ulipigwa na zilzala usiku wa tarehe 29 Februari 1960, katika siku za mwanzo za Ramadhani, na watu zaidi ya 12,000 wakafariki. Kwa filamu, sauti na michoro ya ukutani, Barrada aliuliza swali lisilo jepesi: mji uliobomoka ukijengwa upya, je, ni mji ule ule?

Mwezi huo huo yalifunguliwa maonyesho ya wapiga picha 20 kuhusu watu wanaoishi pembezoni mwa jamii. Si kila picha iliyowekwa humo ilifaa macho ya watoto, lakini swali la nani anatazama na nani anatazamwa lilikuwa la haki.

Yaliyotugusa zaidi yalikuja mwezi wa Juni, nayo ni picha za Dorothea Lange wa Marekani. Mwezi wa Machi 1936, huko Nipomo, California, Lange alimpiga picha mama mmoja katika kambi ya vibarua waliokuja kuvuna njegere, mavuno nayo yakawa yameharibika. Picha ile ikaenea dunia nzima kwa jina la Mama Mhamaji. Picha za kambi hiyo zilipotoka gazetini, serikali ilipeleka chakula kilo zipatazo 9,000. Lakini mama yule na wanawe walikuwa wamekwisha kuondoka.

Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumwuliza mama yule jina lake. Ilipita miaka 42 kabla ya dunia kujua, mwaka 1978, kwamba aliitwa Florence Owens Thompson, na kwamba alikuwa na asili ya Wacherokee, wenyeji wa Marekani. Alilalamika kuwa uso wake ulikuwa kila mahali, naye hakupata hata senti moja. Tusimhukumu Lange kwa hilo peke yake. Mwaka 1942 alipiga picha za Wamarekani wenye asili ya Kijapani walipokuwa wakihamishwa kwa nguvu na kupelekwa makambini, na ukweli wa picha hizo ulilifanya jeshi lizizuie muda wote wa vita. Alikuwa na huruma na ushujaa. Lakini huruma isiyouliza jina humwacha mtu akiwa mfano tu wa shida.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu. Tunafahamu kuwa maulamaa wametofautiana juu ya picha, na hatukusudii kulikata shauri suala hilo katika ukurasa huu. Lakini picha tayari zimo majumbani mwetu: za pasipoti, za harusi, za studio za Unguja, Mombasa na Maskati, zimetiwa katika bahasha na masanduku. Wanaozijua nyuso zile wanapungua kila mwaka. Akiondoka bibi, watoto wetu waliozaliwa huku watabaki na mama asiye na jina, nao hawatakuwa na gazeti la kuwatafutia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunashauri kila nyumba ianze mwezi huu. Mtoto mmoja akae na mzee mmoja, na kwa kila picha waandike nyuma yake, kwa penseli laini isiyochubua karatasi, jina la mtu, la baba yake na la babu yake, kisha mahali na mwaka. Asiyejulikana aandikwe kuwa hajulikani, ili aulizwe kwa jamaa wengine. Picha za simu hazina mgongo wa kuandikia. Hizo tuziwekee daftari, na zile zenye thamani tuzichapishe.

Na siku mgeni mwenye kamera atakapokuja msikitini au katika sherehe zetu, tumkaribishe kwa heshima, kisha tumwombe aandike majina kabla hajaondoka. Akisema hana nafasi ya majina, naye tumwambie kwa upole kwamba hatuna nafasi ya picha.