NDEGE WA SOKOKE NA MIDA: NAMNA YA KUWAONA NA AMANA YA KUPEANA HABARI ZAO



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, kila mwaka hufika wageni kutoka nchi za mbali, wakapita Gede na Watamu wakiwa na darubini shingoni. Wamelipa nauli kubwa na kuvuka bahari, na wengi wao wamekuja kumtafuta ndege asiyefika hata shibiri moja kwa urefu. Sisi tunaoishi mlangoni mwa msitu huo, wengi wetu hatujamwona hata siku moja. Na miongoni mwetu wako wanaomsikia bundi usiku wakatoka na mawe.

Katika makala haya tutaeleza mambo matatu. La kwanza, ni ndege gani hao wanaotafutwa na wanaishi wapi. La pili, mwanafunzi afanye nini ili awaone. La tatu, mtu akishamwona ndege adimu, habari hiyo ampe nani na amfiche nani. Hili la tatu wengi hulipuuza, na ndilo linaloweza kumhifadhi ndege au kumwangamiza.

MSITU WA ARABUKO-SOKOKE

Msitu huu uko kati ya Kilifi na Malindi na una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420. Ndio msitu mkubwa zaidi uliosalia wa aina yake, yaani msitu mkavu wa pwani, katika Afrika Mashariki. Anayeupita kwa matatu huona miti tu, lakini ndani yake mna misitu mitatu tofauti.

Upande wa mashariki kuna msitu wa miti mchanganyiko, kama vile mbambakofi. Katikati, penye mchanga mweupe, kuna miti ya mrihi iliyoachana, na jua hupenya mpaka chini. Upande wa magharibi ardhi ni nyekundu, na hapo huota vichaka vizito vya miti ambayo wataalamu huiita Sinometra. Kila ndege ana mtaa wake. Anayemtafuta ndege wa ardhi nyekundu kwenye mchanga mweupe atarudi nyumbani mikono mitupu.

BUNDI MDOGO WA SOKOKE

Huyu ndiye anayetafutwa kuliko wote. Urefu wake ni kama sentimita 16 hadi 18, na uzito wake ni wa gramu 50 hivi. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Anajulikana kuishi hasa katika msitu wetu huu na katika misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Bundi hawa huja kwa rangi tatu: kijivu, kahawia na nyekundu ya kutu. Mchana hukaa wawili wawili, bega kwa bega, ndani ya kichaka cha ardhi nyekundu, si juu sana kutoka chini. Ukimtazama utadhani ni jani kavu au kipande cha gome. Usiku hutoka kuwinda wadudu, na hulia kwa sauti fupi kama filimbi, akiirudia mara nyingi mfululizo.

Kumpata mchana bila ya kiongozi ni jambo gumu sana. Katika kituo cha msitu cha Gede wapo viongozi waliofunzwa, wengi wao wakitoka vijiji vya jirani. Wao huingia vichakani mapema, wakajua leo bundi wamelala wapi, kisha ndipo humpeleka mgeni. Hiyo ni kazi yao, na ndiyo inayolisha watoto wao.

JE, BUNDI NI NDEGE WA UCHURO?

Mwanafunzi huuliza: "Ustadh, nyumbani wanasema bundi akilia juu ya paa, mtu atakufa. Ni kweli?"

Jibu ni hapana. Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na itikadi mbili zinazowahusu ndege. Moja iliitwa tiyara, na jina hilo limetokana na neno la Kiarabu la ndege. Mtu akitaka kusafiri humshtua ndege. Akiruka kulia huondoka, akiruka kushoto huahirisha safari. Ya pili iliitwa hama, nayo waliihusisha na bundi na roho za waliokufa. Mtume wetu (S.A.W.) alizikanusha zote mbili, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Kwa hivyo, Mwislamu anayemuua bundi kwa kuogopa uchuro ameshikilia jambo lililokwisha kukanushwa, na juu yake amemuua kiumbe asiye na kosa. Bundi hula panya na wadudu. Akilia karibu na nyumba, ni kwa sababu karibu na nyumba pana panya. Wazazi, tunawaomba mlieleze hili nyumbani, kwani mtoto husikia mengi ya bibi na babu kabla ya kuyasikia ya mwalimu.

MNANA WA CLARKE

Ndege wa pili ni mnana ambaye dume lake lina kichwa na mgongo mweusi na tumbo la manjano. Huonekana juu ya miti ya mrihi, akifuatana na makundi ya ndege wa aina nyingine wanaotafuta wadudu pamoja. Ukisikia kelele za kundi kama hilo, simama na ulisubiri likufikie. Ukilikimbilia, litakuacha.

Kisa chake kina mafunzo. Wataalamu walimfahamu tangu mwaka 1913, lakini kwa miaka 100 hawakujua anataga wapi. Alikuwa akitoweka msituni kila mwaka kisha anarudi na makinda yaliyokwisha kuruka. Mwaka 2013, watafiti pamoja na wanakijiji wa Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki, waliyakuta matago yake katika kidimbwi cha msimu chenye majani marefu ya majini. Sehemu kubwa ya Dakatcha haina ulinzi wa serikali kama ulivyo msitu wa Arabuko-Sokoke, na miti yake hukatwa kwa mkaa na mashamba. Kwa hivyo vidimbwi hivyo vimebaki mikononi mwa watu wanaoishi hapo. Wakivilinda, mnana huyu ataendelea kuzaliana. Wakivikausha, hata ulinzi wa Sokoke hautamfaa kitu.

MIDA NA TAREHE ZA HIJRIA

Tukitoka msituni tukavuka barabara kuelekea baharini, tunafika hori ya Mida. Hapa anayetafutwa ni ndege mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene wa kuvunjia kaa. Ni wa ajabu kati ya ndege wa ufukweni, kwani huchimba handaki mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Lakini hatagi kwetu. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kisha huja pwani yetu kutumia miezi iliyobaki. Wazee wetu waliyazoea majahazi ya Oman yakija na kaskazi. Ndege huyu naye anaijua njia hiyo.

Siri ya Mida ni maji. Maji yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope na utaona nukta tu. Yakiwa yamejaa kabisa, wameshaondoka kwenda kupumzika. Wakati mzuri ni saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, yanapowasogeza ndege karibu na mikoko.

Hapa mwanafunzi wa madrasa ana faida kuliko mgeni mwenye vitabu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za Hijria na siku mbili tatu zinazofuata, maji huwa ya bamvua. Katika pwani yetu, siku hizo bahari hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na ndani ya hori hukawia kidogo. Basi swalini adhuhuri, kisha mfike Mida kabla ya saa tisa. Miezi mizuri ni kuanzia Oktoba hadi Machi, wanapokuwapo pia ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia.

Hapo Mida pana daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia. Ada inayolipwa na wageni huingia katika mfuko wa karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu na hori. Huenda katika ukoo wako yuko aliyesomeshwa na ndege hawa.

VIDOKEZO VYA SAFARI

1. Anzeni nyumbani. Jifunzeni kwanza ndege kumi wa mwembeni na uani. Asiyewajua wa kawaida hawezi kumtambua aliye adimu.

2. Nguo ziwe za rangi ya majani au udongo. Wavulana waache kanzu nyeupe nyumbani, na wasichana wavae hijabu za rangi iliyopoa zisizopepea.

3. Msituni fikeni mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Jua likipanda, ndege hunyamaza.

4. Msizidi watu kumi katika kundi moja, na daima muwe na kiongozi wa msitu.

5. Tangulizeni masikio. Simameni dakika tano bila ya kusema neno. Sauti ndiyo itakayowaonyesha pa kutazama.

6. Ukimwona ndege, usimwondoe machoni. Mwangalie huku ukiinua darubini taratibu mpaka ifike usoni. Anayeangalia chini kuitafuta darubini humpoteza ndege.

7. Andika papo hapo: tarehe, saa, mahali, idadi, na alichokuwa akifanya. Kumbukumbu ya kichwani hubadilika kabla ya kufika nyumbani.

8. Msipige sauti ya ndege kwa simu ili kumwita. Yeye hudhani adui ameingia katika eneo lake, akaacha kula na kulinda makinda. Akifanyiwa hivyo kila siku, huhama.

9. Manati na ulimbo vibaki nje ya safari hizi, na tunatarajia vibaki nje ya maisha yenu.

HABARI YA NDEGE NI AMANA

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mwanafunzi amemwona bundi wa Sokoke amelala na mwenzake. Furaha inamjaa, anataka dunia nzima ijue. Afanye nini?

Tuanze na ukweli wa habari. Katika Suratun Naml tunasoma kisa cha hudhud, ambaye alimletea Nabii Sulayman (A.S.) habari ya yakini kutoka Saba. Hudhud huyo utamwona hata katika viwanja vyetu, mwenye ushungi kichwani. Tujifunze kwake: sema umeona kile ulichokiona. Kama hukuwa na hakika, sema "nadhani". Habari ya uongo huwachosha watu na huharibu kumbukumbu za wataalamu.

Kisha tutazame nani anaambiwa nini.

Watu wote waweza kuambiwa jina la msitu na mwezi ulipomwona. Habari ya namna hii haina madhara, na huwapa wengine hamu. Vilevile inafaa kupelekwa katika mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambao umeigawa nchi kwa miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi. Wataalamu wanafaidika kujua kuwa ndege yumo katika mraba huo, na hakuna awezaye kuufikia mti wenyewe kwa habari hiyo.

Kiongozi wa msitu na ofisa wa misitu waambiwe mahali hasa. Hao ndio wanaolinda, na ndio watakaojua kama mti umekatwa au mtego umetegwa.

Lakini tundu na mti wa kulalia havitangazwi. Msiweke picha katika makundi ya simu mkataja njia na kichaka. Na mjue kuwa picha yenyewe inaweza kubeba alama ya mahali ilipopigwa. Wakija watu hamsini kwa wiki moja, kila mmoja akipinda tawi ili apate picha nzuri, bundi wataliacha kichaka hicho. Kiongozi atapoteza riziki, mgeni atakosa alichokijia, na ndege atalazimika kutafuta makao mengine katika msitu unaozidi kupungua.

Abu Dawud amepokea kisa cha masahaba waliokuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege mdogo. Mama yao akaja akipiga mbawa kwa huzuni. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Waliochukua makinda hawakuwa watu wabaya. Waliona kitu cha kupendeza, wakanyoosha mkono. Nasi siku hizi twaweza kumtia ndege uchungu uleule bila ya kumgusa, kwa maneno yetu tu.

KAZI KWA WANAFUNZI

Kabla ya safari yetu ijayo, kila mwanafunzi alete daftari lenye ndege kumi wa mtaa wake, pamoja na jina la kila mmoja kama anavyoitwa nyumbani, iwe kwa Kiswahili au kwa Kigiriama. Waulizeni wazee, kwani majina mengi wanayo wao na hayajaandikwa popote. Na mkiwa nao hapo, waelezeni habari ya bundi.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum.