Mashine ya Njia Tatu Katika Nyumba Yenye Umeme wa Njia Moja

Seremala wa Boito apatapo mashine kuukuu ya kuranda mbao kwa bei nafuu, hufurahi mpaka afike nayo nyumbani. Aifungapo waya na kuwasha, mota hunguruma lakini haizunguki, na baada ya kitambo kidogo moshi hutoka. Hapo humlaumu aliyemwuzia. Lakini pengine mashine haikuwa mbovu hata kidogo. Ilitengenezwa kwa umeme wa njia tatu, ambao mafundi huuita fezi tatu, naye nyumbani kwake ana njia moja tu.

Nyumba nyingi za wakulima wetu zilipata stima kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015, ambao mwenye nyumba iliyo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma alitozwa Sh. 15,000 badala ya Sh. 35,000. Waya zinazoingia katika nyumba hizo ni mbili, mmoja wa kuleta umeme na mmoja wa kurudishia, uitwao nyutro. Nguvu yake ni volti 240, nayo yatosha sana kwa taa, redio na pasi. Lakini kiwanda cha chai hupewa waya tatu za kuleta, na kati ya waya hizo mbili zozote mna volti 415.

Mfano wake ni watu watatu wasukumao gurudumu zito kwa zamu, mmoja akipumzika mwenziwe amekwisha shika, hata gurudumu halikosi msukumo. Umeme wa njia moja ni kama mtu mmoja avutaye na kusukuma mahali pale pale. Gurudumu lililosimama halijui liende upande gani. Ndiyo sababu mota hunguruma tu, na umeme mwingi ulioingia bila kufanya kazi hugeuka kuwa moto.

Basi je, hakuna njia? Iko, lakini kabla ya kutoa fedha zako soma kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota. Kikiandikwa volti 230/400, au 220/380, au 240/415, mota hiyo yaweza kufungwa kwa namna mbili. Fungua kisanduku chake cha waya, utaona skrubu sita na vipande vitatu vya shaba. Vipande vikiunganisha skrubu tatu za mstari mmoja, hiyo ni nyota, ya volti nyingi. Kila kipande kikishika skrubu ya juu na ile ya chini yake, hiyo ni pembetatu, ya volti chache, nayo ndiyo itakayokufaa. Mota za kilowati 3 kushuka chini mara nyingi huwa za namna hii. Lakini kibati kikisema 400/690, kama ilivyo kawaida ya mota kubwa, usidanganyike. Ukiipa volti 240 nguvu yake ya kuzungusha itabaki kama theluthi moja.

Mota ikifaa, chombo bora ni kigeuzi cha elektroniki, ambacho wauzaji hukiita inveta ya mota. Huingiza njia moja ya volti 240 na kutoa njia tatu za volti zile zile. Kila mota na kigeuzi chake, na kati ya hivyo viwili pasiwekwe swichi. Kuwasha na kuzima kufanyike kwa kigeuzi chenyewe. Mota ya kilowati 2.2, yaani nguvu za farasi tatu, huenda ikavuta ampea 20 au zaidi katika waya wa nyumba, kwa hiyo plagi ya ampea 13 haifai kabisa. Yapasa waya mnene wa peke yake kutoka katika sanduku la fyuzi. Tena kigeuzi huchukia unga wa mbao na unyevu, na nchi yetu ya chai ina vyote viwili. Kitiwe ndani ya sanduku linalofungwa. Mtu asikifungue mara akizimapo, kwa maana umeme hubaki ndani yake kwa dakika kadhaa, nao waweza kuua.

Siku ya kwanza ondoa ukanda wa mashine, ujaribu mota peke yake. Ikizunguka kinyume, zima, kisha badilisha waya mbili zozote za mota. Msumeno wa duara uzungukao kinyume waweza kulegeza nati yake ukaruka.

Wako mafundi wanaotumia kapasita badala ya kigeuzi, yapata maikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Ni rahisi, lakini mota hupoteza kama theluthi moja ya nguvu zake na hupata joto. Kwa pampu ndogo si vibaya; kwa randa ya mbao ngumu hatuisifu.

Iko hila nyingine ambayo yatupasa kuikataza kabisa. Mtu husikia kwamba nyumba ya jirani imefungwa katika fezi nyingine, akavuta waya toka kwake. Kati ya nyumba hizo mbili mna volti 415, na fundi wa kampuni aliyezima upande mmoja apandapo mlingoti akidhani waya umekufa, huenda akakutana na umeme uliotoka upande wa pili. Hilo ni kosa la sheria, na mara moja latosha kumfanya mtu mjane.

Mashine ya kusaga mahindi ya farasi kumi ni habari nyingine. Ingetaka ampea 40 au zaidi za njia moja, na taa za majirani zingefifia kila iwashwapo. Mwenye kuitaka atumie injini ya dizeli, au aiombe kampuni ya umeme njia tatu. Kabla ya kwenda ofisini atazame milingoti ya volti ndogo iliyo karibu naye. Akiona waya nne, njia tatu zimekwisha fika, na gharama huwa ndogo kuliko kwa mtu aliye na waya mbili tu, ambaye itabidi avutiwe laini mpya. Siku hizi waya nyingine husokotwa pamoja. Hapo amwite fundi mwenye leseni ya EPRA azihesabu, naye abaki chini.