Barabara Iwape Nafasi Waendao kwa Miguu na Baiskeli

Jua linapochomoza nyuma ya milima ya Mumirwa, barabara za Bujumbura huwa zimekwisha jaa watu. Watoto wa shule hushikana mikono, mkubwa akimwongoza mdogo. Akina mama hubeba beseni za mboga kichwani na watoto wachanga mgongoni. Katika Buyenzi wachukuzi husukuma baiskeli zilizosheheni magunia kuelekea soko la Ruvumera. Na kwenye Barabara ya Taifa namba 1 vijana huteremka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi iliyofungwa pande zote za baiskeli hata mwendeshaji mwenyewe haonekani vizuri. Vijana hao hutoka mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wakaja hadi ufukoni mwa Tanganyika ambako ni chini ya mita 800. Safari hiyo yote hutegemea breki mbili.

Je, watu wote hawa hupita wapi? Jibu ni kwamba hupita palipobaki. Katikati mwa barabara pamechukuliwa na magari. Pembeni kuna mtaro mrefu wa maji ya mvua, ambao mara nyingi hauna kifuniko. Baina ya lami na mtaro hubaki ukanda mwembamba wa vumbi, na ukanda huo nao una muuza karanga, rundo la mchanga wa mjenzi na gari lililoegeshwa. Basi mwenda kwa miguu hushuka kwenye lami, akitega sikio nyuma.

Jambo la pili linahusu mlango. Nchini Burundi magari hupita upande wa kulia, lakini mengi yaliyoletwa kutoka ng'ambo yalitengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto, usukani ukiwa kulia. Basi dogo la namna hiyo lina mlango wa abiria upande wa kushoto. Likisimama ukingoni, abiria hashukii ukingoni. Hushukia katikati ya barabara, mbele ya pikipiki inayolipita basi hilo. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi hana jinsi ya kuchungulia kabla ya kukanyaga chini. Kosa hapo si lake, wala pengine si la mwenye pikipiki. Kituo hakikutengenezwa kwa kufikiria mlango huo.

Wengi huamini kwamba dawa ya ajali ni nidhamu peke yake: mtoto aonywe, dereva atozwe faini. Nidhamu ni jambo jema, na askari polisi wa usalama barabarani wanaosimama juani wanajua hivyo kuliko watu wote. Hata hivyo hesabu ndogo yafaa ifanywe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva makini huhitaji yapata sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu wake ufike kwenye breki. Kisha gari lenye breki nzuri, penye lami kavu, huhitaji mita nyingine kama 14 mpaka lisimame. Jumla ni mita 28. Kwa kilomita 30 kwa saa jumla hiyo ni mita 13 tu. Sasa mtoto atokee ghafla mita 20 mbele. Dereva wa kilomita 30 atasimama, amkemee, kisha aende zake. Dereva wa kilomita 50 atamfikia mtoto huyo akiwa bado anakwenda zaidi ya kilomita 35. Na mtoto wa miaka saba hawezi kupima mwendo wa gari kwa macho hata akionywa mara mia moja. Akili ya umri huo haijafika hapo.

Ndiyo sababu mwezi Februari 2020 mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm ulihimiza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na waendao kwa miguu na baiskeli. Lakini kibao chenye tarakimu 30, kikisimikwa kando ya barabara pana iliyonyooka kama mshale, husomwa na wachache na kutiiwa na wachache zaidi. Barabara yenyewe humwambia dereva akimbie.

Dar es Salaam kuna mfano wa kutazamwa. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi zilizo kando ya barabara zenye magari mengi, likachunguza watoto wanapita wapi hasa, si wapi walipaswa kupita. Kisha kazi ikafanywa kwa vitu vya bei nafuu: njia za miguu zilizotengwa kwa nguzo fupi, matuta ya kupunguza mwendo, vivuko vilivyopakwa rangi, alama za shule. Penye nafasi, lango la shule lilihamishwa kutoka upande wa barabara kuu likafunguliwa kwenye kichochoro kitulivu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa karibu robo, na mwaka 2019 mpango huo ukapewa tuzo ya kimataifa ya miji. Kuhamisha lango la shule! Ni kazi ya fundi mwashi ya siku chache, na huenda ikafaa kuliko hotuba za mwaka mzima.

Nairobi nako, mwaka huo huo wa 2019, barabara ya Luthuli iliyokuwa imesongwa na magari ilifanywa ya upande mmoja, na njia za miguu zikapanuliwa. Dar es Salaam hiyo hiyo imetoa pia fundisho chungu: kando ya barabara ya mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza kazi Mei 2016, zilijengwa njia za baiskeli, lakini pikipiki na magari ya kuegeshwa yakaziingilia. Njia isiyo na kizuizi hugeuka kuwa maegesho.

Na Bujumbura je? Mwezi Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji za uchukuzi zisiingie katikati ya mji, sababu mojawapo ikiwa ni ajali. Amri ilikusudia kuokoa maisha. Hata hivyo safari haifutwi kwa amri. Aliyekuwa akipanda baiskeli hadi mjini alishuka mpakani mwa eneo lililokatazwa, akamaliza kwa miguu. Kisha uhaba wa mafuta wa miaka iliyofuata ukawashusha hata wale wa mabasi. Maofisa, walimu na askari wasio zamuni walionekana jioni wakirudi Kamenge, Musaga na Kanyosha kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, giza likiwakuta njiani. Haja ya njia ya miguu imeongezeka.

Ichukuliwe barabara yenye upana wa mita 14 toka ukuta hadi ukuta. Mita 6 za katikati zatosha magari mawili kupishana, hata lori la jeshi na basi, mradi yasikimbie. Zinabaki mita 8: kila upande mita 2 za miguu na mita 2 za baiskeli, kwa maana baiskeli yenye mikungu si nyembamba. Mtaro ukifunikwa kwa mabamba ya zege yanayoweza kuinuliwa wakati wa kuzibua taka, ndio huwa njia ya miguu yenyewe. Ardhi mpya haihitajiki.

Katika barabara nyembamba za Buyenzi mgawanyo huo hauwezekani, wala hauna haja. Pale yafaa wote wapite pamoja polepole. Mitaa kadhaa ya mji ilikwisha tandazwa mawe yaliyochongwa kwa mikono, na mawe hayo humlazimisha dereva apunguze mwendo bila askari. Ubaya wake ni kwamba humtikisa pia mwenye baiskeli. Ukanda laini wa upana wa mita moja ukingoni ungeondoa adha hiyo.

Wenye maduka watauliza wateja wataegesha wapi, na swali lao si la upuuzi. Madereva wa magari ya wagonjwa nao huchukia matuta, na wana haki: tuta baya humuumiza mgonjwa. Lakini yako matuta yaliyokatwa vipande, ambayo magurudumu ya gari pana huyapita pembeni huku gari dogo likilazimika kupanda.

Jaribio laweza kuanza bila saruji. Jumamosi asubuhi, saa za kazi za pamoja, wakati magari ni machache na wananchi wako nje na majembe wakizibua mitaro, mtu mmoja ashike ncha ya kamba ukutani mwa shule, mwingine aivute hadi ukuta wa pili. Hesabu ya mita iandikwe. Matairi makuukuu yajazwe udongo, yapakwe chokaa, yapangwe mstari mahali ambapo ukingo mpya ungekuwa, yaachwe hapo mwezi mmoja. Walimu wahesabu watoto wanaopita ndani ya mstari na wanaopita nje, na karatasi hiyo ipelekwe kwa mkuu wa zoni.