Ticha Wako Alisoma Saikolojia, So Mbona Hakufunzi?

Uko sekondari Kitengela ama Kajiado mjini na ndoto yako ni saikolojia? Cheki hii: KCSE haina hilo somo. Hata Gredi 10 iliyoanza Januari 2026 na njia zake tatu haina. Utapatana nalo campo.

Lakini ticha mwenye digrii ya ualimu huwa amepitia saikolojia ya elimu. Tatizo ni moja: alifunzwa ili akuelewe wewe, mbona unasahau, mbona viboko havikubadilishi. Kuifunza yenyewe ni kazi ingine.

Chukua A-Level ya Cambridge, ile ya shule za mtaala wa Uingereza. Humo kuna utafiti wa Milgram wa 1963. Watu 26 kati ya 40 walibonyeza hadi volti 450 juu waliambiwa tu waendelee. Stima ilikuwa feki, lakini hawakujua.

Kusimulia hiyo stori ni rahisi. Ngori ni kumfunza mwanafunzi aulize: hao 40, wote wanaume, walipatikana aje? Wamama wa soko Kitengela wangefanya hivyo? Ilikuwa sawa kuwadanganya?

Kwa hivyo ticha anahitaji kunolewa kwa takwimu, maadili ya utafiti na kupanga majaribio madogo ya darasani. Pia ajue mpaka wake. Mkisoma kuhusu msongo wa mawazo, kuna msee hapo nyuma anajiona kwa hiyo picha. Ticha amsikize, kisha ampeleke kwa mshauri. Asijifanye daktari.

Msingi maticha wanao. Kilichobaki ni somo lenyewe kuingia kwa ratiba.